Treni ya Baba Mkwe na Nyaya Chini ya Meza

Baba mkwe wangu alipomaliza kazi yake ya reli na kurudi kijijini Ihembe moja kwa moja, nilikuwa nimeolewa pale kwa misimu miwili ya kahawa, na sura yake niliijua kwenye picha tu. Ilikuwa miaka ya hamsini. Mume wangu alikuwa karani kwenye machimbo ya bati kule Kyerwa, na alikuja nyumbani kwa baiskeli mwisho wa mwezi. Siku nyingi kibanjani, kwenye shamba la nyumbani, tulibaki wawili, mimi na mama mkwe, tukipalilia migomba na kuanika kahawa. Kisha mzee akaja.

Alishuka kwenye lori la mfanyabiashara wa kahawa wa Bugene akiwa na kreti mbili za mbao. Moja ilikuwa na nguo, sufuria, na taa ya mkononi yenye vioo vya rangi, ile wanayopungia treni usiku. Ya pili aliishusha mwenyewe, akaikumbatia kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, akaiweka chumbani kwake. Mama mkwe alimuuliza ina nini. Akasema vyuma.

Alikuwa mchochea moto wa injini. Kazi yake ilikuwa kutupa kuni kwenye tanuru la gari moshi kati ya Mwanza na Tabora, kwenda na kurudi, tangu mume wangu akiwa tumboni. Nyumbani alikuja kwa likizo, akakaa kidogo, akapanda meli tena Bukoba. Mgongo wake ulikuwa umekakamaa kwa kuinama, na goti moja halikukunjika. Mama mkwe alimpokea kwa heshima, akampikia ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, akamchemshia kahawa ya kutafuna, lakini niliona wanavyokaa. Walikaa kama watu wawili wanaosubiri lori moja na hawajuani.

Mimi nilimwogopa kwa namna ya kwetu. Mke wa mwana hali mbele ya baba mkwe, hapiti mbele yake akiwa ameketi, hampi kitu mkono kwa mkono. Unakiweka chini, unarudi nyuma, naye anakiokota. Nilimwita Tata, yaani baba, kama nilivyomwita mama mkwe Mawe, na kumsalimia shikamoo nikiwa nimepiga magoti huku nikitazama sakafu. Zaidi ya hapo hatukuwa na maneno.

Kilichotupatia maneno ni ile kreti.

Aliifungua baada ya wiki kadhaa. Alikuwa ameagiza mbao za mti wa msizi kwa seremala, akatengeneza meza kubwa iliyochukua karibu chumba chote cha mbele, hata wageni wakawa wanapita ubavu ubavu. Nikaja na chai, nikaweka sinia chini, na nilipoinua macho nikaona reli. Zilikuwa reli kamili na mataruma yake, vile vipande vinavyolala chini ya chuma, nyembamba kama nyasi, zimepigiliwa juu ya meza zikizunguka ukingo wote. Juu yake kulikuwa na gari moshi dogo jeusi lenye urefu wa kiganja, na mabehewa nyuma yake. Niliduwaa, nikasahau kurudi nyuma.

Aliniambia, akiitazama injini na si mimi, kwamba bosi wake Mzungu aliporudi kwao alimwachia, kwa sababu walichoma kuni pamoja miaka mingi. Haikutumia kuni hii. Ilitaka umeme.

Ihembe hapakuwa na umeme. Lakini lori lile la kahawa lilikuwa na betri, na Jumapili lilipumzika. Mwenye lori alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa mapema, na aliposikia kuna treni kwa mzee alisema betri itolewe, ila yeye na dereva wake waje kutazama. Sisi tulikuwa Walutheri. Basi Jumapili mchana, ibada na misa zote zikiwa zimekwisha, dereva aliliacha lori barabarani akaleta betri kwa toroli, mzee akafunga nyaya mbili kutoka kwenye betri hadi kisanduku chenye mkono wa kuongezea na kupunguzia mwendo, na kutoka kwenye kisanduku nyaya mbili zaidi hadi kwenye reli, upande wa karibu na mlango. Akausogeza mkono taratibu.

Treni ikaondoka. Ikapita mbele ya mwenye lori, ikakata kona kwa nguvu, ikaanza upande wa pili wa meza, dirishani. Hapo mwendo ukapungua. Ikajikokota kama mtu anayepanda mlima na mzigo wa kahawa. Ilipofika kona ya mbali kabisa ikasimama, ikinguruma kwa sauti ndogo. Mzee akausukuma mkono hadi mwisho, na haikwenda. Akaisogeza kwa kidole mpaka upande wa mlango, ikakimbia tena kama kitu kilichofufuka.

Jumapili hiyo iliisha hivyo. Mwenye lori aliaga kwa adabu, akasema ni kitu kizuri. Mzee alikaa akiitazama kona ile hadi chai ikapoa.

Sasa mimi nina tabia ambayo mama yangu mzazi aliilaumu tangu nikiwa msichana: kitu kikinishinda kuelewa, chakula hakinishuki. Shule ya wasichana ya misheni kule kwetu Muleba walinifundisha kusoma, kushona na hesabu, na umeme walituambia ni radi iliyofungwa, basi. Niliwaza migombani, niliwaza kisimani. Kwa nini iwe na nguvu mlangoni na ichoke dirishani?

Mzee alidhani meza imeinama. Akaweka bakuli la maji pande zote, akaingiza vipande vya mbao chini ya miguu hadi maji yakalala sawa. Jumapili iliyofuata treni ikafia palepale. Akadhani ni injini, akaifungua, akaipaka mafuta kwa unyoya wa kuku. Ikafia palepale. Akaigeuza iende upande mwingine. Ikaanza vizuri, ikafia kona ileile, safari hii ikitokea upande wa pili.

Hapo nikasema. Nilikuwa nimekaa mlangoni pamoja na mama mkwe, nikamnong'oneza yeye, kwa kuwa ndiyo njia iliyokuwapo. "Mawe, mwambie Tata tatizo si treni. Ni pale."

Mama mkwe akamwambia mumewe, ingawa chumba kilikuwa kidogo na kila mtu alinisikia. Mzee akauliza, kupitia kwake pia, pale pana nini. Nikasema sijui, lakini najua tutakavyouliza. Niliwahi kuona dereva wa lori akitafuta waya mbovu barabarani kwa taa ndogo. Anashika nyaya mbili za taa, anagusa huku na huku, na panapowaka pana umeme.

Dereva alikuwa nayo mfukoni. Akagusa reli mbili karibu na mlango, taa ikawaka nyeupe hata nikafumba macho. Akasogea hatua, ikawa ya manjano. Kwenye kona ya mbali ikawa nyekundu kama kaa la mkaa linalokaribia kuzima. Mzee akamwomba arudie, kisha akaomba aishike mwenyewe. Akazunguka meza yote akiburuta goti lake, akigusa kila kipande cha reli, na niliona uso wake ukibadilika kuwa wa kijana. Kila palipokuwa na kiungo, vile vibati vidogo vinavyoshikanisha kipande na kipande, mwanga ulipungua kidogo. Kiungo kimoja hakikuwa na neno. Lakini umeme ulikuwa unavuka vyote mfululizo ili ufike dirishani, na kila kimoja kiliung'ata. Vibati vyenyewe vilikuwa vimepata kutu kwa unyevu wa meli na moshi wa jiko letu.

Tulivisugua. Ilisaidia wiki moja, ukungu wa asubuhi ukavirudisha vilivyokuwa.

Jibu lilitoka kwa mzee mwenyewe, siku ya kazi, tukiwa tunachagua kahawa uani. Alikuja akasimama mbali kidogo na majamvi, akaongea akielekea migomba. Alisema injini ya kweli haibebi maji yote ya safari kutoka Mwanza. Ingebeba hayo ingebeba nini tena? Reli imewekewa matangi njiani, na kila penye tangi injini inakunywa, inaendelea. "Mimi huu umeme nauingiza mlangoni tu," alisema, "kisha naudai ufike dirishani. Inabidi niupelekee njiani."

Mama mkwe akamuuliza ataupelekaje. Akasema chini ya meza. Nyaya mbili nene zitapita chini zikifuata reli mzunguko mzima, moja ya reli ya ndani, moja ya reli ya nje. Waya mnene hauchoshi umeme. Na kutoka kwenye hizo, kila kipande cha reli kitapewa vijiwaya vyake viwili, vitakavyopanda kupitia matundu kwenye mbao na kukilisha. Kiungo kikishika kutu, shauri yake, hakuna atakayevuka hapo.

Nililala nikiyaona matundu hayo.

Waya mnene mume wangu aliupata Kyerwa. Pampu ya machimbo ilikuwa imeungua, waya wake umetupwa, akaomba akapewa, akauleta umeviringishwa begani kama nyoka. Dereva akatupatia vijiwaya vya taa kutoka kwenye lori bovu lililokuwa limelala nyuma ya duka la tajiri wake, vimevikwa kitambaa. Fundi wa kuziba karai na taa sokoni Bugene akamwazima mzee shaba ya kulehemu, ile inayopashwa moto, na vijiti vya risasi ya kuyeyusha. Mume wangu aliviangalia vijiti vile, akasema ndani yake mna bati, na huenda bati hilo lilitoka kwenye udongo uleule anaouandika daftarini kila siku, likaenda Ulaya na kurudi. Mzee alikigeuzageuza kijiti kwenye mwanga kwa muda mrefu baada ya hapo.

Matundu aliyatoboa kwa msumari wa moto. Akalehemu vijiwaya ubavuni mwa reli, kimoja kimoja, akiwa amesimama. Kisha tukafika mahali pagumu. Meza haikuweza kupinduliwa. Alikuwa ameshajenga juu yake vituo vya udongo na vibanda vya magome ya migomba. Mtu alipaswa kulala chali chini yake. Mzee goti halikumruhusu, na mume wangu alikuwa amerudi Kyerwa.

Nilisema nitaingia mimi.

Mama mkwe aliniangalia kama niliyevua nguo sokoni. Mke wa mwana alale chali chini ya meza, na baba mkwe amesimama juu yake? Majirani wakipita? Mzee naye akatoka nje kabisa, akajifanya anaangalia mawingu. Nikadhani limekwisha. Lakini mama mkwe alikwenda chumbani, nikasikia sanduku likifunguliwa, akarudi na mashuka yake mazuri na misumari. Akayatundika kuzunguka meza nzima, yakafika sakafuni, ikawa kama hema. Akavuta kigoda, akakaa penye mwanya.

"Wewe uko nyumbani kwako humo," akaniambia. "Na yeye yuko kwake. Mimi ndiye njia."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Mimi ndani ya hema na kibatari, mzee juu, mama mkwe katikati akipitisha kisu, waya, shaba yenye moto kutoka kwenye jiko la mkaa. Mzee alisukuma vijiwaya kwenye tundu, navyo vikanining'inia usoni kama mizizi. Nilikwangua ganda la waya mnene kwa wembe hadi shaba ikang'aa, nikauzungushia kijiwaya na kukikaza kama ninavyofunga kifungo cha shati, kisha nikagusa kwa shaba ya moto na risasi ikatiririka. Tone moja lilinidondokea juu ya kifundo cha mkono. Alama yake ninayo.

Jambo la hatari lilikuwa kuchanganya. Kijiwaya cha reli ya ndani kikifungwa kwenye waya wa reli ya nje, umeme unakata njia, hauendi kwenye treni, unarudi kwenye betri kwa kasi na kuchoma kila kitu. Kwa hiyo nilitafuta uzi mwekundu wa kushonea, na kila kijiwaya cha ndani, kabla hakijapita tunduni, kilifungwa uzi huo. Kufunga uzi ilikuwa kazi ya mama mkwe.

Tulipoanza aliniuliza maswali kwa kunong'ona, kana kwamba ni aibu kutaka kujua. Kwa nini nyaya mbili, moja haitoshi? Nikamwambia umeme ukienda lazima uwe na njia ya kurudi, la sivyo hauondoki. Akafikiri. Akamuuliza mumewe kwa sauti kama ni kweli. Mzee akasema ni kweli. Kesho yake hakunong'ona tena. Walianza kuulizana na kujibizana juu ya kichwa changu, mimi nikiyeyusha risasi kwa ncha ya shaba, na nilisikia mzee akicheka kwa mara ya kwanza tangu aje.

Jumapili betri ikaja. Mzee akafunga nyaya zake, akasogeza mkono. Cheche ikaruka kwenye kisanduku, harufu ya kitambaa kilichoungua ikajaa chumbani, na dereva akang'oa waya wa betri kwa mikono mitupu akajiunguza kidole. Treni haikutikisika.

Nilirudi ndani ya hema. Nilifuata kila kijiwaya kwa kidole. Vyenye uzi vyote vilikuwa kwenye waya wa ndani, visivyo na uzi vyote kwenye wa nje. Nikasema huku chini pako sawa. Mzee akasema huku juu yeye alisukuma tu vijiwaya tunduni, nyuzi hakuzikagua. Nikaanza kuvifungua kimoja baada ya kingine ili tujue ni kipi, na dereva akigusa betri kila mara kuona kama cheche imekwisha. Ni kazi ya kukatisha tamaa, lakini sikutaka iishe. Kila kijiwaya kilichofunguliwa kilikuwa swali moja limejibiwa.

Mama mkwe aliinama penye mwanya. Kisha akasema, "Angalia kile cha karibu na mguu huu wa meza. Nilipokifunga uzi yule jirani wa Kihanga alipiga hodi, nikageuka kumwitikia. Nadhani uzi niliufunga kwenye mwenziwe wa nje."

Kilikuwa kile. Mzee hakumlaumu. Alisema hata kule Tabora watu waligeuza njia vibaya kwa sababu ya kuitikia salamu.

Nilipokifunga upya nilibaki chini, sijui kwa nini. Labda nilitaka kusikia kabla ya kuona. Nikasikia magurudumu juu ya mbao yakianza mlangoni, yakipita kichwani pangu, yakikata kona, yakienda dirishani kwa sauti ileile, bila kupungua, yakifika kona ya mbali na kuipita. Mwenye lori akapiga makofi. Nikatoka kwenye mashuka nikiwa na vumbi la mbao zilizoungua kwenye nywele, nikaikuta inazunguka.

Mzee akaanza kuonyesha. Hapa mlangoni Mwanza. Pale kwenye kibanda Shinyanga. Kule dirishani Tabora. Mama mkwe alisogeza kigoda hadi mezani, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akaifuata treni kwa macho mizunguko mingi. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwaka ule mvua ilipoangusha nyumba, nikakutumia ujumbe, ulikuwa wapi?"

Niliijua habari hiyo kwa majirani. Nyumba ya msonge ilianguka, akaijenga upya na kaka zake akiwa na mtoto mgongoni, na mumewe hakuja wala hakujibu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuitaja mbele yangu.

Mzee akarudisha mkono wa kisanduku. Treni ikasimama baada ya Shinyanga, mahali patupu, pasipo kibanda. "Hapa," alisema. "Mvua ilikuwa imezoa tuta. Mbele hakuna reli, nyuma daraja limekwenda. Tulikaa na treni porini hadi tukachoma mbao za mabehewa. Ujumbe wako niliukuta Tabora, umeshakuwa wa zamani. Nikaona haya kujibu."

"Ungesema."

"Ningesemaje? Ulikuwa hupajui."

Mama mkwe alinyoosha mkono akapagusa pale patupu kwa ncha ya kidole, kati ya reli mbili. Mzee alimwambia hautamdhuru, umeme huu ni mdogo. Mkewe akasema anajua, yeye ndiye aliyefunga nyuzi.

Dereva na tajiri wake walitoka nje kimyakimya kutafuna kahawa. Mimi nikaenda jikoni. Sikusikia walichoendelea kuongea, ila treni iliendelea kwenda na kusimama, kwenda na kusimama, mpaka betri ikaisha nguvu, lori likakataa kuwaka, na tajiri akalazimika kulala Ihembe.

Msimu uliofuata, kahawa ilipouzwa, mama mkwe alitangaza kwamba anataka kuiona yenyewe. Tulikwenda watatu, kwa lori hadi Bukoba na kwa meli hadi Mwanza, yeye akitapika njia nzima na kukataa kurudi. Stesheni ya Mwanza aliinama kutazama chini ya behewa, akamuuliza mumewe nyaya zinapandia wapi, na mzee akamchukua mbele akamwonyesha mchochea moto mpya, kijana aliyejaa jasho na masizi, akitupa kuni. Mama mkwe alimtazama kijana yule kwa muda mrefu sana, kisha akampa ndizi zilizokuwa zimebaki kikapuni.

Tulipanda daraja la tatu hadi vituo vichache mbele na kurudi. Mzee alikaa dirishani akimtajia mkewe kila tangi la maji kabla halijatokea, naye akawa anamuuliza linalofuata liko wapi. Mimi nilikaa kiti kinachowatazama. Nilikuwa nimekaa mbele ya baba mkwe, magoti yetu karibu kugusana kwa jinsi behewa lilivyojaa, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kuwa ni mwiko.